Mapacha, Matone na Usipa wa Mwisho

Neema ameniomba karatasi moja. Alisema, "Mama Ipyana, andika tu namna ya kuchagua mpira, tuibandike ukutani karibu na mizani." Nimekaa na karatasi hiyo tangu nilipokabidhi ufunguo wa stoo, na imekataa kutosha. Kuchagua mpira wa kalibu, ule wa majimaji unaoganda na kushika umbo la kitu, kunaelezeka kwa mistari michache. Shida ni kwamba mstari mmoja kati ya hiyo nimejifunza mwaka wangu wa mwisho kazini, tena kwa kosa langu mwenyewe, na samaki wa mzee Ambokile alikaribia kupotea kwa sababu yangu. Hilo haliandikiki kwa mstari. Basi vumilieni, na mwenye haraka aruke, mambo ya mpira yametawanyika humu humu.

Vyeo sitavieleza. Nilipata viwili, na cha pili kilikuja na ufunguo wa stoo ambao haukuwa ukifungua vizuri.

Nilianzia Iringa, Mlandege, nikiwa msichana niliyemaliza shule bila kujua nakwenda wapi. Palikuwa na karakana ndogo ya mishumaa ya kanisani na mapambo ya plasta, na fundi wake alikuwa mzee Damiani, Mhehe mrefu mwenye kofia ya sufu hata Januari. Nilifika nimevaa sketi ya Jumapili. Akaniambia, "Kamwene," nikamwamkia, kisha bila maelezo akaniambia nitumbukize mkono kwenye ndoo ya maji na kuutoa.

"Maji yamekumbuka mkono wako?"

"Hapana, mzee."

Akanipa kipande cha nta laini, akaniambia nibonyeze kidole gumba. Akachanganya mpira mweupe kwenye kopo, akamimina juu ya nta, akanirudisha nyumbani. Kesho yake akaubandua mpira ule na kuniwekea kiganjani. Kidole changu kilikuwa pale chote, na kovu la mundu nililolipata nikikata majani ya ng'ombe nikiwa darasa la nne.

"Umeona?" akasema. "Mpira hauna adabu. Unasema kila kitu."

Ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza na ya pili kazini. Siku ya tatu niliosha makopo, na niliendelea kuyaosha kwa miezi.

Mzee Damiani hakuwahi kuniambia mpira huu ni mzuri na ule ni mbaya. Nilipomuuliza, alinirudishia swali lilelile: "Ndani yake kitamiminwa nini?" Kama ni nta, mpira wowote unavumilia. Kama ni plasta, hivyo hivyo, ila uusafishe. Kitu cha moto sana ni habari nyingine, lakini Mlandege hatukuwa na kitu cha moto sana, isipokuwa chai yake. Vijana wa leo wanaanza na picha za kwenye simu na majina marefu ya makopo. Anzeni na kitakachomiminwa. Huo ndio mstari wa kwanza, na sikuugundua mimi.

Wa pili ni ugumu. Makopo yana namba, lakini yeye alitufundisha kwa mwili. Kuna mpira laini kama shavu, kuna wa kati kama ncha ya sikio, kuna mgumu kama kisigino. Tuliwahi kupata kazi ya malaika wa plasta, wenye mabawa yaliyokunjika kwa ndani, na mimi kwa kujiona nimeiva nikachagua kisigino, nikidhani kigumu ndicho kinachodumu. Kalibu ilidumu kweli. Malaika ndio hawakudumu, maana kila tulipobandua, bawa lilibaki ndani. Tulikuwa na malaika saba wasioweza kuruka, wamepangwa dirishani, na mzee Damiani alinikataza kuwatupa. Kila mgeni aliyeingia aliuliza, na kila mara mzee alininyooshea kidole nieleze mwenyewe.

Kisha nikaolewa na Mnyakyusa, nikahamia Mbeya, tukakaa Iyunga. Watu wa huku wakaanza kunisalimia "Ugonile," nami nikiwaitikia kwa Kihehe kwa ubishi tu. Karibu na barabara kuu kulikuwa na karakana ya Ambokile, ambaye nyote mnamfahamu, lakini nitamweleza kwa atakayekuja baadaye. Ambokile ni mtu wa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Alikuwa mvuvi wa mshipi kabla hajahamia mjini, na alikuwa na wazo moja maishani: kutengeneza chambo bandia cha plastiki laini, chenye umbo la usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa ajili ya kuvua mbasa. Mbasa ni mkubwa, ni mjanja, na hali kitu kisichotingisha mkia. Kwa hiyo mkia wa chambo lazima uwe mwembamba na wa kulegea, na kalibu yake lazima iutoe mzima kila mara.

Usipa wa mfano aliuchonga yeye mwenyewe kwa kisu kidogo, kutoka mti wa mparachichi. Magamba yote alichonga moja moja. Kalibu ilipochoka, hakutaka tunakili samaki wa zamani, alikaa barazani akachonga mwingine, na wa zamani akawapa watoto wa jirani wakachezee kwenye madimbwi. Nilimwambia mara nyingi tuwatunze. Alijibu kwamba kisu chake hakijafa. Kwake kuchonga ilikuwa starehe, na sisi tulikuwa tunamnyang'anya starehe kwa jina la utaratibu.

Siku yangu ya kwanza pale nilijua kila kitu. Nilitengeneza kalibu kwa mpira niliouzoea wa Mlandege, ule ambao unachanganya kopo kubwa la mpira na matone machache ya dawa ya kugandisha, tatu kwa mia kwa uzito. Tunauita mpira wa matone. Ukatoka safi, nikajipongeza. Plastiki ya chambo inakuja ikiwa majimaji meupe kama maziwa, na kwa sababu hiyo kopo lake liandikwe kwa herufi kubwa, maana kuna mtu, simtaji, aliwahi kulisogeza karibu na birika. Ukiipasha moto inakuwa nzito, halafu inalegea na kung'aa, na hapo ndipo inamiminwa, ikiwa ya moto kuliko mafuta ya kukaangia. Fungueni madirisha. Moshi wake si wa kuvumilia kwa ujasiri.

Kalibu yangu ilifanya kazi vizuri kwa wiki kadhaa. Baadaye magamba yakaanza kufifia, ndani pakawa na unga unga kama chaki, na usipa waliotoka wakawa wafupi kuliko mfano. Mpira wa matone husinyaa kadiri siku zinavyokwenda, na moto wa kila siku huuzeesha. Nikampigia mzee Damiani simu Iringa, nikamweleza kwa kirefu. Nilipomaliza akauliza:

"Ulijiuliza kitamiminwa nini ndani?"

"Sikujiuliza, mzee."

"Haya. Wale malaika bado wapo dirishani. Wanakusalimia."

Baada ya hapo tukaagiza aina ya pili, yenye platinamu. Huu unakuja katika makopo mawili yanayolingana, na unapima uzito sawa wa kila moja. Ambokile aliuita mpira wa mapacha, jina likabaki. Mapacha hausinyai, hauogopi moto, na kalibu yake nzuri inakuzikia nyingi za matone. Kwa chambo cha plastiki ya moto, huo ndio wa kuchagua, wa ugumu wa ncha ya sikio: shavu linavimba ukisukuma plastiki kwa sirinji, na kisigino kitakata mkia. Mngeniamini hapo tungeishia, lakini mapacha una tabia zake.

Kopo letu la kwanza halikuganda. Siku tatu, likawa bado mlenda. Nikamlaumu muuzaji, nikalaumu baridi ya Juni, na baridi ilistahili sehemu yake, maana Iyunga mwezi huo mpira hulala kwa uvivu. Tulitengeneza sanduku lenye balbu ya kulelea vifaranga, tukaweka kalibu ndani. Bado mlenda, ila sasa mlenda wa vuguvugu. Nilirudia mara nne, kila mara kwa usafi zaidi, nimevaa glovu mpya nilizonunua duka la dawa. Mara ya tano glovu zilichanika, nikachanganya kwa mikono mitupu kwa hasira, na mpira ukaganda vizuri kama umetii amri. Ndipo tulipojua kwamba glovu zile za mpira wa asili zina salfa, na mapacha ukigusana na salfa haugandi. Ule usafi wangu wote ndio uliokuwa uchafu. Ambokile akaenda mbali zaidi, akapiga marufuku kachumbari ndani ya karakana kwa sababu ya vitunguu. Sijawahi kuthibitisha habari ya vitunguu, lakini marufuku ipo mpaka leo na sina nia ya kuifuta.

Adui mkubwa wa mapacha lakini ni udongo wa kuchezea, ule wa rangi wa watoto wa chekechea. Tunautumia kumlaza samaki wa mfano, nusu yake ndani ya udongo na nusu juu, tunamimina mpira upande mmoja, tunageuza, tunatoa udongo, tunapaka mafuta ya mgando ili mpira usishikane na mpira, tunamimina upande wa pili. Udongo wenyewe una salfa, na usio na salfa sijawahi kuuona Mbeya, hata sokoni Mbalizi ambako nimekuta kila kitu kingine. Dawa yake ni kupaka vanishi, samaki na udongo vyote, kuacha ikauke kabisa, halafu kujaribu tone la mapacha pembeni mpaka kesho. Likiganda, mimina. Likibaki mlenda, paka tena.

Vanishi nilikuwa napaka mwenyewe. Nilikuwa nafika asubuhi kabla ya wote, naweka redio chini, napaka kwa brashi ya nywele laini, na wengine wakifika wanakuta samaki anang'aa. Nilipenda wakute hivyo. Sikufikiria kwamba nilikuwa nawaficha kitu.

Neema alikuja kwetu kutoka chuo cha ufundi. Ni binti wa Kisafwa, ana mkono mwepesi, na kwa kutoa mapovu amenishinda tangu mwezi wa pili: anamimina mpira kutoka juu, uzi mwembamba, kwenye kona moja tu ya sanduku la kumiminia, na anaacha ujitembeze wenyewe mpaka kwa samaki. Mimi nilimfundisha mizani. Mizani yetu ni ile ndogo ya wanunuzi wa dhahabu, niliipata kwa mtu wa Chunya aliyeacha biashara hiyo, na inapima hata unyoya. Nilimwambia jicho linafaa kupimia chumvi, mpira unataka mizani. Tulielewana. Mtu akielewana nawe sana unaanza kumkatia maneno, unasema nusu na kudhani nusu nyingine ameshaisikia.

Wakati huo macho ya Ambokile yalikuwa yanakwisha. Presha ya macho, walimwambia hospitali, na kilichopotea hakirudi. Alianza kuvaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, akitutania kwamba sasa anatuona mara nne. Lakini siku moja alinikabidhi usipa uliofungwa kwenye kitambaa, akasema, "Mama Ipyana, huyu ndiye wa mwisho. Magamba ya mkiani nimechonga kwa kupapasa. Sichongi tena." Hakutania. Nilimfungua, nikamtazama. Alikuwa mzuri kuliko wote waliomtangulia. Wa zamani wote walikuwa wameshaozea kwenye madimbwi, na kalibu tuliyokuwa tukiitumia ilikuwa imechanika mkiani. Mkono wote wa Ambokile, miaka yote ile ya kisu, ulikuwa umebaki ndani ya samaki mmoja wa urefu wa kidole.

Nikamweka kwenye kabati. Nilitaka kuifanya kalibu yake mwenyewe, kwa utulivu, iwe kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu. Wiki ileile nikapata taarifa kwamba mzee Damiani amefariki, nikaenda Iringa.

Msibani Mlandege, mchana, kwaya ikiimba nje ya nyumba, simu yangu ikaita. Nikasogea ukutani.

"Mama, shikamoo. Pole na msiba."

"Marahaba, Neema. Ahsante. Sema, hapa kuna kelele."

"Babu Ambokile anasafiri kesho kwenda Matema kwa wadogo zake. Anasema anataka ashike kalibu ya usipa kabla hajaondoka. Anasema akirudi labda hatoona hata kivuli. Nimeshamlaza samaki kwenye udongo. Sasa nitumie ipi?"

"Mapacha."

"Tunaendaje, Mama?"

Na mimi, huku nimeziba sikio moja, nikasema, "Moja kwa moja."

"Moja kwa moja?"

"Eeh, moja kwa moja. We si unajua."

Nilimaanisha kipimo. Kopo moja kwa kopo moja, uzito sawa, kama mapacha wanavyopimwa. Hilo Neema alikuwa analijua tangu siku yake ya kwanza, na limeandikwa kwenye kopo, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuliuliza wala mimi sababu ya kulijibu. Alichouliza yeye ni kama kuna kitu cha kufanya kwanza. Alichosikia ni kwamba hakuna, mimina tu, usisubiri. Neno moja, sote tunalitumia kila siku, na kila mmoja wetu aliondoka kwenye simu ile akiwa ameelewa vizuri kabisa.

Alimimina. Bila vanishi, bila tone la kujaribu, juu ya udongo wa chekechea na juu ya samaki ambaye Ambokile, kwa kutoona, alikuwa ameziba nyufa zake kwa udongo huohuo.

Alinipigia tena kesho yake, analia. "Mama, hii mpira imegoma. Juu imeganda, lakini huku kwa samaki ni mlenda tupu. Imeingia kwenye magamba yote."

"Umeshika nini mkononi?"

Akaanza kunieleza habari ya sanduku la balbu.

"Neema. Umeshika nini?"

"Wembe, Mama. Nimejaribu kukwangua kidogo, hapa shingoni."

Nilimwambia auweke wembe chini, afunike samaki, afunge kabati na asimguse mpaka nifike. Nilimuuliza kama Ambokile anajua. Alisema ameondoka asubuhi, na alimwambia kalibu bado inaganda. Sikumkaripia. Nilibaki nimesimama ukutani pale nikijisikia vibaya kuliko nilivyoweza kuonyesha, maana nilikuwa nimekuja kumlilia mtu aliyenifundisha kuuliza swali kabla ya kumimina.

Niliporudi Iyunga tulimsafisha samaki kwa siku mbili. Msitumie thina ya rangi ya magari, itakula na mti. Tulitumia spiriti ya rangi ya mafuta, brashi ya kucha na vijiti vya meno, gamba moja baada ya jingine, tukibadilishana kila macho yalipochoka. Alitoka vizuri kuliko tulivyostahili. Ila nyuma ya shavu, upande wa kushoto, wembe ulikuwa umeacha mkwaruzo mwembamba ulionyooka.

Neema aliniuliza, "Tuzibe kwa nta? Babu hawezi kuona."

Nataka mjue kwamba nilikaribia kusema ndiyo. "Tusizibe," nikamwambia. "Na tutamwambia, akirudi." Ningeweza kumpigia Matema siku hiyohiyo. Sikupiga.

Sasa turudi kwenye kuchagua. Mapacha ndio mpira bora kwa chambo, nimeshasema, na ningeweza kupaka vanishi safari hii na kujaribu tena. Lakini mti ule ulikuwa umeshanywa udongo, na sikuwa na samaki mwingine wa kukosea naye. Nilichagua matone. Matone unasinyaa, unazeeka, moto unauchosha, yote hayo ni kweli, ila hauulizi uligusa nini jana. Salfa, udongo, mti, unaganda juu ya vyote. Kwa kitu ambacho kipo kimoja tu duniani, chagua mpira unaosamehe. Ndani ya kalibu hiyo, ikiwa bado mbichi na haijaanza kusinyaa, tukamimina resini ngumu, tukapata usipa wa pili, mgumu, usioozea dimbwini. Tukamwacha akae wiki nzima hadi harufu yake iishe, tukampaka vanishi, Neema akipaka na mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti, tukajaribu tone, tukasubiri. Tone likaganda. Ndipo tukafanya kalibu ya mapacha juu ya huyo wa resini. Kabla ya kuchanganya, Neema aliniangalia.

"Mama, tunaendaje?"

"Nusu kwa nusu," nikasema.

Tangu siku hiyo katika karakana yetu hakuna anayesema lile neno jingine. Hata mtu akiuliza njia ya kwenda Mbalizi, anaambiwa afuate barabara tu asikate kona.

Ambokile alirudi siku ya kuniaga. Kulikuwa na soda, kulikuwa na ndizi na nyama, na hotuba ambayo ilinitaja kwa sifa za mtu mwingine. Alikuja ameshikwa mkono, bila miwani, alisema haina kazi tena. Nilipanga kumwambia baada ya chakula. Kabla sijafungua mdomo akanyoosha kiganja, "Nipeni kalibu yangu."

Neema akamwekea. Hakuomba samaki, wala chambo. Aliifungua kalibu kama mtu anayefungua ganda la karanga, akaingiza kidole gumba ndani ya tundu la usipa, akaanza mkiani. Alikwenda gamba kwa gamba. Watu wakaacha kula. Alipofika nyuma ya shavu, akasimama.

"Hapa kisu kiliniteleza," akasema. "Sikuwaambia. Kuna mkato wa mshazari, nilikuwa sioni vizuri nikakata mara mbili. Huu hapa. Huu ni mimi."

Alitabasamu, akasogeza kidole kidogo tu, akasimama tena. Tabasamu likaisha.

"Na huu wa pembeni? Huu umenyooka. Siyo kisu changu huu."

"Ni mimi, Babu," Neema alisema, sauti ndogo. "Wembe. Mpira iligoma nikaogopa, nikakwangua. Nisamehe."

"Lini?"

"Ile siku ulisafiri."

"Mngeniambia ile siku. Yamekwisha macho, siyo masikio."

Nikaanza kusema kwamba kosa si la binti, kwamba ni neno langu, nilikuwa msibani, kulikuwa na kwaya. Akainua mkono ulio huru, nikanyamaza. Kidole chake kilikuwa bado ndani. Kilipita juu ya mkato wake, kikapita juu ya mkwaruzo wa Neema, kikarudi, mara tatu, mara nne. Halafu akaufunga mpira taratibu, akaupapasa kama unavyompapasa mtoto mgongoni, akamrudishia Neema.

"Basi tuko wawili," akasema. Kisha akashukuru kwa Kinyakyusa: "Ndaga fijo."

Neema alilia, na mimi pia nililia, hadharani, sahani ya ndizi mapajani. Kila usipa unaotoka Iyunga sasa una alama mbili nyuma ya shavu la kushoto, moja ya mshazari na moja iliyonyooka, na mbasa hawajalalamika.

Mimi sina alama mle ndani. Kosa langu lilikuwa neno, na neno halishiki kwenye mpira, hata ule usio na adabu. Ndiyo sababu karatasi moja haikunitosha. Bandikeni hii ukutani, karibu na mizani.